Inalala Kwako, Inashinda Kwangu

Urganch, 8 Januari 1999

Zumrad, kitinda mimba wetu na bingwa wetu wa kulalamika,

Barua yako Kapteni Madrahim, rubani anayeniletea ndege jioni, alinipa jana chini ya ngazi. Niliisoma kwa tochi, mkono wa pili umeshika spana, kwa hiyo ukiona doa kwenye karatasi hii ujue ni grisi, si machozi. Unasema kichwa kinakuuma tangu majani yaanze kupukutika, na unauliza kama ndege yetu ni nzima. Umenichekesha. Ndege inalala kwangu Urganch usiku na inashinda kwako Tashkent mchana. Ikitoka kwangu imeoga na kunyolewa, bado kutiwa wanja tu. Ni kweli chuo nilikiacha mwaka wa pili, lakini jeshini nilikuwa nawasha ndege kwenye barafu ya Murmansk huku wahandisi wenye diploma wamejibanza jikoni wakijifanya wanakagua supu. Nimefika Riga, nimefika Tbilisi, nimelala Minsk kwenye hoteli yenye maji ya moto mpaka asubuhi. Vaa shati jeupe upite chini ya tumbo la ndege yangu, hutapata tone la mafuta. Za wenzangu zinavuja kama pua za watoto wa chekechea. Yangu kavu.

Kama wasiwasi wako ni kijicho cha watu, huko pia nimekutangulia. Tangu yule korongo ajibamize kwenye bawa letu, nimemwagiza Bi Anajan, anayefagia ndani, aifukize ndege majani ya isiriki kila alfajiri kabla haijaondoka. Anapita na kikaango chake kuanzia mkiani mpaka kwa marubani, moshi unaingia mpaka kwenye vitambaa vya viti, abiria wanapanda wanauteka kwa viganja na kujipaka usoni. Mkuu wa kituo alinung'unika kwamba moto ndani ya ndege ni marufuku. Nikamwambia asubiri nimuulize mkewe ni nani aliyelifukiza lile gari lake jipya. Akaenda zake.

Nakutumia fungu la majani hayo. Fukiza chumbani kabla ya kulala. Na kwenye uchunguzi wa afya mwezi ujao usifungue mdomo. Daktari wa watu wa ndege anakusikiliza kwa huruma, kisha anakunyang'anya mbawa.

Kaka yako,
Ergash


Tashkent, 14 Januari 1999

Kaka Ergash, asalaam aleikum,

Nimefukiza. Mwenye nyumba alikuja kugonga akidhani naungua. Nililala nimejifunika moshi, nikaamka nikiwa vilevile.

Nimechoka, kaka. Si uchovu wa kazi, ule naujua. Nyumbani asubuhi niko sawa. Nikishaingia kwenye ndege, milango iko wazi, abiria wanapanda na makoti yao, ile injini ndogo ya mkiani inanguruma kutupatia joto, ndipo paji la uso linapoanza kubana kama nimefungwa kitambaa kibichi. Tukipaa kunapungua. Tukitua Fargona na kusubiri tena, kunarudi. Siku za mapumziko napata nafuu, halafu naanza upya.

Mkono wa kulia unatetemeka. Nilimmwagia chai mzee mmoja gotini, akaniambia kwa upole, "Binti yangu, kama hukutaka ninywe ungesema tu." Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini lililonitisha ni jingine. Nilisimama mbele ya abiria kuwaonyesha namna ya kujifunga, nikauinua mkanda, na jina lake likapotea. Nimeushika mkononi, sijui unaitwaje. Nimelitamka neno hilo miaka kumi na saba.

Daktari wa mtaani anasema ni neva, wasiwasi tu. Anasema mwanamke mjane wa umri wangu lazima awe na neva. Nilimshukuru nikaondoka. Kwenye uchunguzi nitanyamaza kama ulivyosema. Sijui kazi nyingine, na nikitoka angani sitakuwa na pa kutua.

Zumrad


Urganch, 18 Januari 1999

Mdogo wangu,

Neno mkanda hata mimi hulisahau kila wifi yako Sapura akininunulia suruali kubwa. Usijitie hofu. Kunywa chai kali, kula tuhum-barak, vile vifuko vya unga vya nyumbani, tena za mayai mengi, si zile za Tashkent zenye unga kama bahasha tupu. Daktari wako nitamjibu siku nikimwona. Mama yetu alikuwa mjane miaka ishirini, na neva alizokuwa nazo ni za kutupiga sisi tu.

Hapa baridi ya chilla, zile siku arobaini, imeshika kikweli. Nikigusa chuma bila glavu ngozi inabaki huko. Bibi kizee wetu wa mkiani, yaani hiyo injini ndogo, ana kiu ya ajabu majira haya. Kila usiku namwongezea mafuta ya kulainishia zaidi ya jana, na asubuhi chini ya mkia pakavu. Anakunywa kama mjomba wa bwana harusi aliyeapa kwamba hanywi. Nimewaambia vijana waangalie mfano huo: kulewa bila kutapika.

Bi Anajan ameomba ruhusa, binti yake amejifungua huko Khiva. Kwa hiyo mpaka arudi hakuna fukizo. Mimi kuzunguka na kikaango siwezi, nina heshima yangu.

Ergash


Tashkent, 24 Januari 1999

Kaka,

Anatapika. Anatapika ndani, kwetu.

Nikueleze pole pole, maana nimeandika na kuchana mara kadhaa. Tangu fukizo la Bi Anajan likome, ndege imebaki na harufu yake yenyewe. Siku ya kwanza tuliwalaumu abiria. Unajua watu wakivua mabuti. Tukafungua mifuko, tukakagua choo, mhudumu mdogo wetu Lobar akanyunyiza manukato yake yote. Harufu ni ya soksi zilizolowa na kukaukia kwenye jiko. Juzi nikasimama chini ya tundu la hewa juu ya kiti cha mwisho wakati injini ndogo inawashwa. Ikashuka usoni kama pumzi ya mtu. Lobar alitapika kwenye kikapu cha mikate. Nilipomwambia rubani wetu, akaifunga hewa ya mkiani na kutupatia ya injini kubwa, maana zilikuwa zimeshawaka. Kabla hatujafika mwanzo wa njia ya kurukia, harufu ikawa imekwisha.

Wewe ndiye uliyenifundisha, nilipokuwa mwanafunzi, kwamba hewa tunayovuta mle ndani hukamuliwa kutoka tumboni mwa injini. Nauliza kwa adabu, kaka. Mafuta unayomwongezea kila usiku, na chini hayaonekani, yanakwenda wapi?

Wakati wote huo moshi wa isiriki ulikuwa unatufunika pua.

Zumrad


Urganch, 26 Januari 1999

Zumrad,

Sikujua kwamba siku hizi wahudumu wa chai wanakagua injini. Basi njoo usiku ushike spana, nami nitapita na sinia kuwauliza watu kama wanataka limau. Injini ile nimeilea mimi. Soksi ni za watu wa Fargona.

Ergash


Urganch, 28 Januari 1999

Mdogo wangu Zumrad,

Barua ya juzi ichome. Kama ulishaisoma, jifanye ilipotea njiani.

Jana ndege ilipofika niliwaambia vijana wakanywe chai. Nikachukua kitambaa cheupe cha Sapura, kile cha hariri anachovaa kwenye harusi, nikakifunga kwenye tundu la hewa la kiti cha mwisho. Nikawasha injini ndogo, nikakaa chini yake kama abiria aliyelipa. Nilitaka kukuletea kitambaa hicho kikiwa cheupe, nikuaibishe. Nikakaa. Harufu nikaisikia mara moja, lakini nikajiambia ni soksi zangu. Nikavua buti kuhakikisha. Kisha macho yakaanza kuwasha, ulimi ukawa na ladha ya sarafu. Nilipofungua kitambaa kilikuwa na duara la manjano katikati, kama yai limepasukia pale.

Sili, ile pete ya kuzuia mafuta, imechakaa, Zumrad. Mafuta hayatoki nje kwa sababu yanafyonzwa na hewa, yanaungulia humo, na bomba linawaletea nyinyi. Mimi nilikuwa naangalia chini, nasifu ukavu. Fundi mzima, nimefika Riga.

Nilikwenda kwa mkuu wa kituo. Anasema sili mpya itatoka Urusi masika, na kwamba harufu haijawahi kuangusha ndege. Nikamwambia haijaangusha ndege, imemwangusha dada yangu. Akasema dada yangu akapumzike. Sasa mimi nitaziba. Bomba la injini ndogo lina matawi mawili, moja la kuwashia injini kubwa na jingine la kwenu. La kuwashia naliacha, la kwenu naliwekea kizibo cha chuma. Mkisimama chini mtaona baridi, mkiwasha injini kubwa mtapata hewa safi.

Sapura bado hajajua kuhusu kitambaa.

Kaka yako mpumbavu,
Ergash


Tashkent, 30 Januari 1999

Kaka,

Usizibe. Nakuomba kwa roho ya mama.

Nimemuuliza rubani wetu kwa kuzungukazunguka. Ndege isiyo na joto ikiwa chini, wakati huu wa baridi, kampuni itaiegesha mpaka masika, na sisi tunaoshinda nayo tutarudishwa nyumbani. Atakayerudishwa nyumbani kabla ya uchunguzi hatarudi tena, kuna wasichana wa miaka ishirini wamepanga foleni. Uchunguzi ni tarehe ishirini na tano. Niache nipite. Mwaka mmoja mwingine nikishauhakikisha, ziba mabomba yote unayotaka. Najua kusimama karibu na mlango, najua kuvuta pumzi fupi. Nimeishi hivyo muda wote huu.

Nisamehe kwa kuandika vibaya, leo mkono hautulii.

Zumrad


Urganch, 2 Februari 1999

Zumrad wangu,

Basi, umeshinda, sijagusa kitu. Wewe ni mtu mzima.

Tuzungumze mambo mengine. Jumapili nilipika pilau ya watu thelathini kwenye tohara ya mjukuu wa jirani, na mpishi wa Samarkand aliyekuwepo aliniomba nimfundishe. Nikamwambia siri iko kwenye karoti, akaandika. Sapura ameulizia kitambaa chake. Nimemwambia kiko kwenye maonyesho. Kuku wetu wameacha kutaga kwa baridi, jogoo anajilaumu.

Vaa sweta la sufu ndani ya sare. Hakuna sababu maalumu. Vaa tu.

Ergash


Tashkent, 9 Februari 1999

Kaka Ergash,

Yametokea yenyewe. Tangu Alhamisi joto la chini limekufa. Rubani wetu alisema tu kwamba hewa ya mkiani imefungwa, tusiiulizie. Nadhani koki imeganda. Mungu ametumia baridi yake mwenyewe, wala si mkono wa mtu.

Abiria wanatutukana. Bibi mmoja aliniambia kwamba kondoo wake wana zizi la joto kuliko hili. Wengine wanakataa kukaa mpaka injini kubwa ziwake, wanapigapiga miguu kwenye ujia, tunaona pumzi zetu. Sweta nimevaa, ulinishauri kwa wakati. Na kaka, jana sikuumwa kichwa. Nilitafuta maumivu yalipo kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Nikasema mkanda, nikasema jaketi la kuokolea, nikasema yote mpaka mwisho, kisha nikaenda kulia kule nyuma kwenye birika.

Kwa hiyo nageuza ombi langu. Najua wewe kitu kibovu hakikai mbele yako hata usiku mmoja. Hicho usikitengeneze haraka. Waambie kinasumbua. Nipe mpaka tarehe ishirini na tano.

Mkono bado.

Zumrad


Urganch, 12 Februari 1999

Mdogo wangu,

Koki hiyo ni kaidi, sijapata kuona. Naipiga nyundo kila usiku mbele ya mkuu wa kituo, naitukana kwa Kirusi, naituliza kwa Kiuzbeki, haisogei. Nimemwambia katika maisha yangu yote nimeona koki kama hiyo mara moja tu, Murmansk, na ile ilifunguka mwezi wa tano.

Kesho asubuhi ndege itakuja na mzigo wa magodoro membamba, yale ya kukalia sakafuni. Nilipita mtaani kwetu nikawaambia kina mama kwamba abiria wa Tashkent wanakufa kwa baridi, na kila nyumba ikatoa moja na kuonya lirudi. Lile la maua mekundu ni la mke wa imamu, umpe mtu safi. Wafunike magoti wazee na watoto. Wanaotukana sana wafunike mpaka kichwani.

Ergash


Tashkent, 19 Februari 1999

Kaka,

Nimejua.

Kapteni Madrahim alikuwa anakabidhi ndege kwa rubani wetu, nami nikapita na chai. Alikuwa anasema kwamba fundi wa Urganch ndiye aliyeziba bomba, akaandika wazi kwenye daftari la ndege na kusaini, tena usiku wa tarehe tatu. Siku moja baada ya kuniapia kwamba hujagusa kitu. Akasema pia kwamba mkuu wa kituo alikuamuru mara mbili uondoe kizibo, nawe ukamwambia aondoe yeye, spana hii hapa, lakini kwanza akae dakika chache kwenye kiti cha mwisho na mkewe na watoto wake. Akasema wamekutoa kwenye ndege, sasa unaangalia matrela ya mizigo. Mimi nasoma utani wako wa nyundo, kumbe wewe nyundo umeshanyang'anywa.

Nilikasirika mpaka nikaona giza. Nilikuomba kwa roho ya mama. Kaka, ungeweza kuniacha nichague mwenyewe ubaya wangu. Nilipofika nyumbani nikaanza kukuandikia maneno mabaya, na nilipoyasoma nikaona kitu. Mistari ilikuwa imenyooka zaidi kuliko ya mwezi uliopita. Herufi zinatetemeka, lakini zinakwenda upande mmoja. Sikuweza kuendelea kukutukana kwa mwandiko ambao wewe ndiye umenirudishia.

Kampuni imeamua. Ndege itaegeshwa kwenu kuanzia keshokutwa mpaka sili ifike. Mkuu wa kituo hawezi kuilazimisha iruke, kwa sababu marubani wote wawili wamesema hawataigusa hewa ile tena. Sisi tunarudishwa nyumbani, kama nilivyokuambia.

Nitakwenda kwenye uchunguzi hata hivyo, na sitanyamaza. Nimechoka kunyamaza kuliko ninavyochoka kuumwa. Nipatie kitambaa cha Sapura. Daktari akisema neva, nitamwekea mezani anuse.

Zumrad


Urganch, 20 Februari 1999

Zumrad,

Kitambaa anacho Kapteni Madrahim, ndani ya mfuko uliofungwa. Usiufungue nyumbani. Sapura amejua. Alikishika kile kitambaa, akaninusisha, akauliza, "Dada yako alikuwa anavuta hii?" Nikasema ndiyo. Akaenda kukifunga mwenyewe na kukiandikia jina lako.

Kuhusu matrela, usinihurumie. Nina matrela manne, yote yananiheshimu. Nilikudanganya, na ningekudanganya tena, lakini najua si dawa. Sina cha kuchekesha leo. Sijui hata niliandikeje jina lako hapo juu bila kulitania.

Waambie yote. Waambie na jina langu, kwamba nilikuwa naongeza mafuta na kujisifu.

Ergash


Tashkent, 26 Februari 1999

Kaka Ergash,

Wamenikataza kuruka.

Walikuwa madaktari watatu. Mmoja alianza na neno neva, nikafungua mfuko. Yule mama aliyekaa katikati alinusa, akasogeza kiti nyuma, akafungua dirisha, kisha akaniuliza maswali mpaka chai yake ikapoa. Jina lako nililitaja, na lile la Lobar pia, ili naye wamwite. Wameandika kwamba ni kazi iliyonidhuru, si ujane wangu. Wameandika kwamba mapafu na mishipa ya fahamu vimeathirika, nipumzike mpaka msimu wa matunda, nirudi wanipime. Kama nitaruka tena hawajui. Mama yule hakunificha. Alisema huenda mkono ukatulia, na huenda ukabaki hivi.

Nilidhani nitalia. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la ukumbini nisubiri karatasi zangu, nikalala palepale, kati ya watu, na viatu vyangu vya sare. Mfagiaji aliniamsha akisema wanafunga milango. Sikuota kitu. Sikumbuki lini nililala hivyo.

Nakuja nyumbani kwa treni ya Jumatano. Najua utakuja stesheni na mtaa mzima na maneno yako yote tayari. Njoo peke yako. Usiniulize kitu mpaka tufike. Unipokee begi tu, ni zito, na mkono wa kulia bado haushiki.

Mdogo wako,
Zumrad